Hojaji Nilijaza Mimi, Sasa Tuongee Utafiti

Wasee, leo nakiri kitu. Kabla niache chuo, nilijaza hojaji kumi na mbili usiku mmoja pale hosteli. Zilikuwa za rafiki yangu, utafiti kuhusu bajeti na faida za maduka madogo hapa Eldoret. Wenye maduka walimkataa, na kesho yake alitakiwa kukabidhi kazi. Nikabadilisha kalamu na mwandiko kila fomu. Akapita.

Usimcheke. Shida ni kubwa kumliko.

Uhasibu wa usimamizi ni zile hesabu za ndani zinazomsaidia mwenye biashara kuamua: niuze bei gani, niache nini, pesa inapotelea wapi. Lakini soma miradi ya wanafunzi uone vile mingi inafanana. Athari ya bajeti kwa faida ya kitu fulani, hojaji, "nakubali kabisa" mpaka "nakataa kabisa", asilimia, kwisha. Hapo umepima vile meneja anafikiria kuhusu gharama. Gharama yenyewe hujaiona.

Na si Kenya pekee. Mwaka 2001, Jerold Zimmerman, profesa wa Marekani, aliandika kwamba utafiti wa fani hii umeshindwa kujenga maarifa ya maana. Wenzake walimpinga vikali, lakini swali lilibaki mezani.

Sasa zile trekta za kijani unaziona Uasin Gishu msimu wa kulima. Miaka ya 1980, kiwanda kimoja cha John Deere huko Marekani kilikuwa kinapoteza oda kubwa za vipuri na kupata zile ndogo ndogo. Wakafuatilia kazi yenyewe: kuandaa mashine, kushughulikia oda, kuhamisha mali. Wakagundua oda kubwa zilikuwa zinabebeshwa gharama za oda ndogo. Robert Kaplan wa Harvard akaandika kisa hicho, na leo mbinu hiyo inafundishwa hata kwetu. Sisi tunakariri jibu lao, ile kazi ya kuingia kiwandani tunairuka.

Utaniambia kampuni hazifungui vitabu, na mwanafunzi hana pesa wala wakati. Ni kweli. Lakini jirani yangu wa chapati pale Langas alinifungulia daftari bila barua yoyote. Alikuwa anahesabu unga na mafuta pekee. Siku saba tukaandika pia makaa, kodi ya kibanda na chapati zinazolala. Kumbe chapati zilikuwa zinamwachia kidogo sana, na chai, ambayo alitaka kuiacha, ndiyo ilikuwa inamlipa.

Najua, mama mmoja si sampuli, na mimi niliacha chuo. Lakini madaftari kumi ya ukweli yana faida kuliko fomu mia mbili zilizojazwa hosteli. Walimu wakubali miradi ya aina hiyo. Na viwanda vikubwa pia viguswe: Moi University ilinunua Rivatex mwaka 2007, kwa hivyo chuo na kiwanda kukaa meza moja hapa Eldoret si ndoto.

Kama uko mwaka wa nne na unatafuta mada, anza na kibanda unachokula kila siku. Omba daftari, kaa wiki nzima, andika unachoona. Na hojaji za watu usijaze. Mimi zangu bado zinanisumbua.