Kadi ya bastola iige kadi ya kitanda cha mtoto

Ukifungua boksi la bastola mpya unakuta bastola yenyewe, magazini, kufuli la waya, kijitabu cha maelekezo na kadi ya kusajili waranti. Nataka kuizungumzia hiyo kadi. Hapa Texas ninakoishi nina duka dogo la vyakula vya kwetu, la sembe, dagaa na majani ya chai, na Waswahili wanaopita dukani wakiwa wamenunua bastola hawaishi kuniuliza: shangazi, hii kadi niijaze au niitupe?

Yangu niliinunua baada ya duka la jirani kuvamiwa usiku. Kadi iliyokuwa ndani, na kampuni sitaitaja, ilianza kwa adabu: jina, anwani, tarehe ya kununua, namba iliyochongwa kwenye chuma. Halafu ikachangamka. Nyumba yenu inaingiza kiasi gani kwa mwaka? Watoto wangapi, wa umri gani? Unavua samaki? Unasoma magazeti gani? Nilimwambia mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia dukani, kwamba mshenga wa ndoa yangu hakuuliza hata nusu ya hayo.

Mama yuko Tanga. Nilipomsimulia kwenye simu yeye aliona tatizo jingine kabisa: "Sasa polisi wanasemaje?" Polisi hawasemi kitu, mama. Kwetu bastola haina maana bila kibali, na anayetaka kujua unayo ni serikali. Texas haina daftari la wenye bastola. Unajaza fomu namba 4473 mbele ya muuzaji, jina lako linapitishwa kwenye mfumo wa FBI, kisha fomu inabaki kwenye kabati la duka. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inaikataza serikali kuu kuanzisha daftari la wamiliki wa silaha. Kiwanda nacho hakinijui, maana chenyewe humuuzia msambazaji, msambazaji humuuzia mwenye duka, na mwenye duka ndiye aliyeniuzia mimi. Nisipokiandikia, bastola yangu kwao ni namba tu iliyotoka getini.

Kwa upande wa matengenezo, kadi haina uzito ambao watu wanaipa. Marekani ina sheria ya waranti ya mwaka 1975, inayoitwa Magnuson-Moss. Anayetoa waranti kamili haruhusiwi kukunyima haki yako eti kwa sababu hukurudisha kadi. Anayetoa waranti yenye mipaka anaweza kuweka sharti hilo, lakini lazima aliandike waziwazi, ndiyo sababu maandishi madogo yanastahili miwani. Viwanda vyenyewe havifanani. Smith & Wesson hudhamini bastola zake maisha yote kwa mnunuzi wa kwanza, Glock hutoa mwaka mmoja. Ruger ndio wanaonichekesha: hawatoi waranti ya maandishi kabisa, na kwenye vijitabu vyao huweka maelezo ya kwa nini hukukuta kadi ndani ya boksi, kwamba sheria haimlazimishi mtu kutoa waranti. Na bastola zao zikiharibika huwa wanazitengeneza. Kwa hiyo tunza risiti, hiyo ndiyo itakayokusaidia zaidi siku utakapodai.

Ningeishia hapo ningesema tupa kadi. Lakini kuna jambo ambalo wengi wanaoniuliza hawalijui. Marekani ina tume ya usalama wa bidhaa, na ina meno: kibaniko cha mkate kikiwaka moto, gari la mtoto likikunjika na kumbana vidole, tume inaweza kulazimisha bidhaa iondolewe sokoni na kurudishwa. Sheria ya mwaka 1972 iliyoiunda iliziacha bunduki na bastola nje ya mamlaka yake. Bastola ikitoka kiwandani na kasoro, hakuna ofisi ya shirikisho inayoweza kumwambia mwenye kiwanda azikusanye. Ataamua mwenyewe, na atakutangazia mwenyewe. Agosti 2017, baada ya watu kuonyesha kwamba bastola ya Sig Sauer P320 ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka bila mtu kugusa triga, kampuni ilitangaza maboresho ya hiari. Neno lao lilikuwa hilo, hiari. Mwenye bastola alitakiwa kusikia habari, kisha aipeleke. Mimi ninayeshinda dukani nikipima maharage, habari ya namna hiyo ningeisikia wapi? Kadi ikiwa na jina langu na namba ya bastola, angalau wana pa kuniandikia.

Basi jaza, ndivyo ninavyoanza kuwajibu. Kisha naongeza habari ya Oktoba 2024.

Mwezi huo shirika la habari la ProPublica lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba chama cha wafanyabiashara wa silaha, National Shooting Sports Foundation, kwa miaka mingi kilikusanya taarifa za wanunuzi, nyingi zikitoka kwenye kadi za waranti, na kuzitumia kuwashawishi watu wakati wa uchaguzi bila wenyewe kuambiwa. Kampuni zisizopungua 10 zilitajwa, Glock na Smith & Wesson zikiwemo. Mwaka 2016 kazi hiyo iliwahusisha watu wa Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, walewale ambao Wakenya hawahitaji kutambulishwa. Chama kilijibu kwamba kilichofanya ni halali. Huenda. Lakini ni chama hichohicho kinachopiga kelele kila mara serikali inapotajwa na neno daftari kwenye sentensi moja. Serikali ikafungwa mikono mwaka 1986, na wao wakajiandikia daftari lao kwa wino wa wateja, kupitia kadi iliyodai kulinda bastola zao.

Ninachodai ni kidogo, na tayari kipo. Mjukuu wangu alipozaliwa tulinunua kitanda chake, na ndani yake kulikuwa na kadi: jina, anwani, simu, modeli ya kitanda. Basi. Hakuna aliyetaka kujua kama tunavua samaki. Hiyo haikutokana na wema wa mtengenezaji. Mwaka 1998, kule Chicago, mtoto aitwaye Danny Keysar alikufa ndani ya kitanda cha kukunjwa ambacho tangazo la kukirudisha lilikuwa limetolewa mwaka 1993, na taarifa haikuwafikia waliokuwa wakikitumia. Wazazi wake walihangaika hadi mwaka 2008 Bunge likatunga sheria: kila kitanda na gari la mtoto lije na kadi iliyolipiwa stempu, na taarifa zitakazojazwa zitumike kwa tahadhari ya usalama pekee, si kwa matangazo wala kwa jambo jingine lolote.

Bastola ipewe kadi hiyo. Nimekwisha kusikia hoja kwamba ni mlango wa nyuma wa kuziandikisha silaha serikalini. Hapana. Kadi ya kitanda haiendi serikalini, inabaki kwa mtengenezaji na imefungwa kwa kazi moja. Anayeogopa daftari angekuwa wa kwanza kuidai, kwa kuwa kadi ya sasa ndiyo iliyolijaza daftari bila yeye kujua.

Hadi hapo, wanaouliza dukani kwangu nawaambia hivi. Andika jina, anwani na namba ya bastola. Maswali ya kipato, watoto na magazeti yaache wazi. Hakuna wa kukufunga kwa hilo. Kama kuna kisanduku cha kukubali taarifa zako zipewe wengine, usikiwekee alama, na kama kimewekewa tayari mtandaoni, kiondoe. Namba ya bastola iandike pia kwenye daftari lako nyumbani, mbali na bastola yenyewe, kwa sababu siku ikiibiwa polisi watakuuliza namba, na kiwandani usiku huo simu haipokelewi. Ukiiuza kwa mtu, waandikie kwamba si yako tena, na umwambie aliyeinunua kwamba waranti ya mnunuzi wa kwanza huenda imeishia kwako, lakini tangazo la kasoro linamhusu yeye.