Bia ya Wamonaki, na Glasi Ambayo Sikupaswa Kuimimina



Wapendwa waamini, wiki hii naomba tutafakari jambo ambalo pengine hamkulitarajia kutoka kwa paroko wenu, nalo ni bia. Baadhi yenu mmekwisha kusikia habari za jioni ile, maana mambo ya nyumba ya mapadre hayakawii kufika sokoni. Ni heri basi myasikie kwangu mwenyewe.

Baada ya sikukuu ya somo wa parokia yetu, kijana wetu mmoja anayefanya kazi Ubelgiji alituletea chupa kadhaa za bia zinazopikwa katika abasia za wamonaki Watrapisti. Tuliketi wanaume wanane, tukazifungua moja baada ya nyingine, tukionja na kulinganisha. Nakiri kwamba nilifurahi sana.

Ilitangulia Orval, kavu na chungu ulimini, yenye harufu ya majani makavu. Ikafuata Tripel ya Westmalle, yenye rangi ya dhahabu, ambayo abasia hiyo ilianza kuipika mwaka 1934. Mzee mmoja aliyekulia katika nyumba ya mbege aliinusa, akaniuliza, "Baba Paroko, na hawa nao wametia ndizi?" Hawakutia. Ni chachu yenyewe inayotoa harufu ya ndizi mbivu inapokichachusha kimea cha shayiri. Mzee akatueleza namna mama yake alivyopika ndizi, akaandaa kimea cha ulezi, na kutumia gome la msesewa kuleta ule uchungu ambao wazungu huupata kwa maua ya hopsi. Vijana waliokuwa wakikiita kinywaji hicho cha kishamba walinyamaza wakasikiliza. Hapo niliona faida ya kulinganisha vitu kwa moyo mnyofu: tulionja cha wageni, tukajifunza kukiheshimu cha kwetu.

Kisha nikakosea. Miongoni mwetu alikuwapo ndugu aliyeacha pombe miaka minne iliyopita, baada ya kuipoteza kazi na karibu kuipoteza familia. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini kwa uchangamfu wa mwenyeji nilimimina glasi ya Tripel, nikamwekea mbele yake na kumwambia, "Onja tu, Mzee, hii ni bia ya watawa. Haiwezi kukudhuru." Aliishika glasi kwa muda mrefu. Akairudisha mezani bila kuinywa, akaaga na kutoka.

Siku tatu baadaye alinijia ofisini. Anayoyasema hakuyasema katika kitubio, na ameniruhusu niyaandike bila kumtaja jina. Alisema, "Baba, usiku ule nilisimama getini pako karibu saa nzima. Nilikuwa napigana nisirudi ndani. Na ningerudi nikanywa, ningejiambia kwamba aliyenipa ni Padri." Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba msamaha, naye akanipa.

Wapendwa, tangu siku hiyo nimejiuliza kosa langu lilikuwa wapi hasa. Bia yenyewe haina hatia. Kitabu cha kale cha Ibada za Kirumi kina sala ya kubariki bia, na Bwana wetu alipokuwa Kana hakuwanyima divai wale waliokuwa na arusi. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba kinywaji kikitoka mahali patakatifu, kikawa na historia ndefu na ladha ya hali ya juu, basi kimeacha kuwa pombe. Udanganyifu huu unawapata wengi siku hizi, hasa mijini, ambako bia za kigeni na zile za viwanda vidogo zimekuwa alama ya ustaarabu. Mtu hudhani kwamba anayejua kuonja hawezi kuwa mlevi. Ndugu zangu, ulevi wa bei ghali ni ulevi.

Hesabu ni rahisi. Rochefort 10, tuliyoifungua mwisho, ina kilevi cha asilimia 11.3. Chupa yake ndogo ya mililita 330 ina kilevi kinachozidi mililita 37. Chupa ya nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo anayejisifu kwamba amekunywa "chupa mbili ndogo tu" amekunywa sawa na chupa tatu kubwa, na pengine ufunguo wa gari uko mfukoni mwake.

Wamonaki wenyewe wanalijua hili kuliko sisi tunaowasifu. Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 40 ya Kanuni yake, anakubali kwa shingo upande kwamba wamonaki wapewe divai kidogo kila siku, kwa kuwa wa wakati wake hawakuwa tayari kuacha kabisa. Lakini anadai wanywe kwa kiasi, wala wasifike kushiba, na anawatia moyo wale ambao Mungu amewajalia nguvu ya kujinyima. Zaidi ya hayo, katika abasia za Chimay na Westmalle, bia iliyopikwa kwa ajili ya meza ya wamonaki wenyewe ni ile nyepesi, ya asilimia 4.8. Zile kali zinazotutia wazimu walizipika kwa ajili ya kuuza.

Tazameni pia abasia ya Sint-Sixtus huko Westvleteren. Mwaka 2005 tovuti ya wapenzi wa bia iitwayo RateBeer iliitangaza bia yao, Westvleteren 12, kuwa bora kuliko zote duniani. Magari yakapanga foleni langoni, na akiba ikaisha. Mfanyabiashara yeyote angejenga kiwanda kipya. Wamonaki walikataa kupika zaidi, wakieleza kwamba wanapika ili waishi maisha yao ya sala. Mwaka 2012 walikubali kuuza nje ya nchi kwa mara moja, ili kugharimia ujenzi wa abasia yao, kisha wakarudi kwenye kipimo chao. Wao waliijua bia bora, na bado walijua kusema inatosha. Sisi tumeiga sehemu ya kwanza tu.

Wapo watakaoniambia: basi, Baba, kataza pombe zote parokiani. Sitafanya hivyo. Kumnyima mwenye kiasi furaha halali hakumponyi asiye na kiasi. Katekisimu, katika namba 2290, inatufundisha kwamba fadhila ya kiasi hutuepusha na kila namna ya kupita mpaka, katika chakula na katika pombe. Lakini Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, anatudai zaidi ya kiasi chetu binafsi. Anataka tumtazame ndugu aliyeketi karibu nasi, na kama kinywaji chetu kinamkwaza, tukiache kwa ajili yake. Uhuru wangu wa kunywa unapata mpaka wake katika udhaifu wa jirani yangu.

Kwa hiyo tutaonja tena, Mungu akipenda, lakini kwa utaratibu mwingine. Chupa moja kali watagawana watu wanne. Juisi na maji vitaandaliwa katika glasi nzuri zilezile, wala asiyekunywa hataulizwa sababu. Na hakuna atakayemiminiwa kitu asichokiomba, hata na Paroko.

Nawaalika nanyi mfanye vivyo hivyo katika arusi, ubatizo na sherehe za jumuiya zenu ndogo ndogo. Kabla hujaisifu bia mbele ya wageni wako, angalia kwanza nani ameketi mezani. Yule ndugu yetu aliketi nasi tena wiki iliyopita, akanywa chai ya tangawizi. Mwombeeni, na mniombee mimi pia.

Jumapili njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko