Waranti ya ng'ambo: kesi mbili, mwendo tofauti
Waranti ya Marekani peke yake haina nguvu Nairobi. Nchi inayokutaka lazima iombe, DPP apeleke ombi kortini, hakimu aridhike kwamba tendo lenyewe ni kosa hata hapa Kenya.

Sasa cheki. Jersey iliwataka Chris Okemo na Samuel Gichuru tangu 2011. Watu wakabishana nani aanzishe kesi, DPP au Mwanasheria Mkuu, hadi Mahakama ya Juu ikasema 2021: ni DPP. Miaka 10!

Ndugu wa Akasha je? Walidakwa Mombasa 2014. Januari 2017 wakapakiwa ndege hadi New York, kesi ikiwa bado kortini.

Siwatetei, huko walikiri makosa. Lakini siku utakayosakwa kwa sababu jina lako linafanana na la mhalifu, utamhitaji sana huyo hakimu.