Mitaa Hubomolewa, Maneno Hudumu: Funzo la Mji wa Lowell

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hii hutajwa katika masuala ya biashara, ilhali inaafiki vilevile hatima ya miji. Mfano mwafaka ni Lowell, mji mkongwe wa viwanda vya nguo katika jimbo la Massachusetts, Marekani.

Mji huu ulianzishwa miaka ya 1820 penye maporomoko ya Pawtucket, ambapo maji ya mto Merrimack yalielekezwa mifereji ili kuendesha mitambo ya kusokota uzi na kufuma nguo. Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa hasa wasichana kutoka mashambani, walioishi katika mabweni ya kampuni. Baadaye walifuata wahamiaji kutoka Ireland, Quebec na Ugiriki. Wale wa Quebec walikuwa na mtaa wao, Little Canada, ambamo Kifaransa kilitawala nyumbani, dukani na kanisani.

Katika karne ya 20, viwanda vingi vilifungwa. Miaka ya 1960, kwa jina la kuuhuisha mji, Little Canada ulibomolewa. Mabweni ya kampuni ya Merrimack katika Dutton Street yaliangushwa mwaka 1966. Sehemu ya Moody Street nayo ikabandikwa jina jipya, University Avenue.

Wapo watakaodai kwamba nyumba za mbao zilizosongamana hazikustahili kuliliwa. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, aliyebomolewa nyumba huweza kupata nyingine, lakini wasemaji wa mtaa mmoja wakishatawanywa, hakuna mkandarasi awezaye kuwajenga upya. Ni kweli kwamba mwaka 1978 serikali iliunda hifadhi ya kihistoria mjini humo, na mitambo ya kale huonyeshwa wageni. Lakini mtambo hausimulii jinsi majirani walivyoitana, walivyotaniana wala walivyoomboleza.

Kazi hiyo ni ya fasihi. Wasichana wa viwandani waliandika katika jarida lao, The Lowell Offering, kati ya 1840 na 1845. Jack Kerouac, aliyezaliwa Lowell mwaka 1922 na kulelewa kwa Kifaransa, aliusawiri mji wa utotoni mwake katika riwaya ya Doctor Sax ya mwaka 1959, miaka michache kabla ya ubomoaji huo.

Kiswahili chenyewe ni shahidi. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa bandari ya Salem walileta Zanzibar vitambaa vya pamba vilivyofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Waswahili wakaviita amerikani, au marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini humo, vya 1861 hadi 1865, viliivuruga biashara hiyo, lakini neno halikufa. Kuta nyingi za viwanda hivyo zimeanguka, ila nguo yake ingali kamusini.

Yafaa basi mwanafunzi wa Kiswahili asidhani kwamba utafiti wa nyanjani ni wa ngano na vitendawili vya vijijini pekee. Majina ya mitaa, ya vichochoro na ya majengo yaliyochakaa, pamoja na visa vilivyoyazaa, ni fasihi simulizi inayodai daftari. Tingatinga halimsubiri mtafiti.