Kamera nyeusi, kamera ya silva: acheni kununua rangi!

Haya wasomaji, leo siongei mambo ya programu. Leo nina hasira, kwa hiyo mkiona maneno makali mnivumilie.

Binamu yangu ni mpiga picha Bungoma. Alikuwa na Fujifilm X-T20 ya rangi ya fedha, hiyo ambayo huku kwetu tunaiita silva, pamoja na lenzi ya milimita 35 inayofunguka hadi f/2. Vyote alivinunua vikiwa vimetumika. Siku moja akaitwa harusi Kitale. Mwenye shughuli akaitazama ile kamera, akacheka: "Hii si ya watoto? Wenzako huja na nyeusi." Binamu akaumia roho. Wiki iliyofuata akauza kamera, akauza na lenzi, akakopa kwenye chama, akanunua... X-T20 nyeusi! Ndiyo, umesoma vizuri. Kamera ile ile. Sensa ile ile ya megapikseli 24, vitufe vile vile, programu ile ile. Fujifilm waliitoa mwaka 2017 kwa rangi zote mbili, na tofauti yake ni rangi tu. Sasa anatumia lenzi ya kawaida ya 16-50 iliyokuja na hiyo nyeusi.

Mnajua kilichofuata? Agosti 2024 ulikuwa msimu wa tohara ya Wabukusu, maana kwetu hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Familia moja ikamwajiri apige picha kijana wao akirudi kutoka mtoni alfajiri, watu wakiimba sioyaye, jua bado halijatoka. Hapo ndipo lenzi inapohesabiwa. Kutoka f/4 hadi f/2 mwanga unaoingia huongezeka mara nne, na hiyo 16-50 ukiivuta hadi milimita 35 hata f/4 haifiki. Picha zikatoka na ukungu, nyuso hazitambuliki. Mzee hajamaliza kulipa hadi leo, na mimi siwezi kumlaumu. Kijana hutahiriwa mara moja tu. Hakuna kurudia.

Hebu tuulize: hii imani kwamba nyeusi ndiyo ya kazi ilitoka wapi?

Leica ya kwanza iliyouzwa mwaka 1925 ilikuwa nyeusi. Miaka ya 1930 kromu ikaingia, na wakati huo kuringa kulikuwa kuwa na ile inayong'aa! Baadaye waandishi wa habari wakataka nyeusi kwa sababu ya maana: haivutii macho. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyepiga picha za mitaani, aliifunika Leica yake kwa tepu nyeusi. Mnaona? Hakwenda kununua nyingine. Alinunua tepu.

Kisha makampuni yakatambua kwamba rangi ni njia rahisi ya kutupanga matabaka. Mwaka 2003 Canon walitoa 10D, nyeusi, mwili wa magnesiamu, dola 1,500 hivi. Mwaka huo huo wakatoa 300D ya plastiki, wengi wakaijua kwa rangi yake ya fedha, chini ya dola 1,000. Ndani yake? Sensa ya aina moja ya megapikseli 6.3. Ni kweli 10D ilikuwa ngumu na ya kasi zaidi. Lakini baadhi ya mambo yaliyokosekana kwenye 300D yalikuwa yamefungwa kwa programu tu. Watu wakaifungua ile programu ya ndani na ghafla kamera ya "watoto" ikapata ISO 3200. Mimi nikiwa mtu wa kuandika programu, kisa hicho hunichekesha na kunikasirisha. Tofauti uliyoilipia ilikuwa mistari michache ya maagizo, na rangi ikakufanya uamini ni chuma.

Sasa wabishi watasema silva ina kasoro. Nakubali, inazo. Nenda Makumbusho ya Kitale upige vipepeo walio nyuma ya kioo: silva itajiona yenyewe kwenye kioo, nyeusi haitajiona sana. Dawa yake ni kuiegemeza lenzi kwenye kioo, au kuvaa sweta nyeusi na kuifunika. Watasema pia silva huonekana na wezi kutoka mbali pale stendi. Sawa, lakini mwizi anajua kamera hata iwe ya rangi ya ndizi. Itie kwenye mfuko.

Na nyeusi nayo ina yake. Iache kwenye jua la saa saba katikati ya mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, kisha uishike. Nyeusi hunywa joto, na sensa ikipata joto picha huongeza chenga. Kwa nini mnadhani zile lenzi ndefu za Canon za viwanjani ni nyeupe? Ni kupunguza joto la jua, kwa sababu vioo vyake vya floriti hutanuka kwa joto.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama nyeusi na silva ni bei moja na unapiga harusi na matanga, ambako hutaki macho ya watu, chukua nyeusi. Lakini kama muuzaji anakudai hata shilingi elfu mbili zaidi kwa ajili ya rangi, chukua silva na hiyo elfu mbili uiweke akiba ya lenzi. Kabla ya kulipa, kagua sensa kama ina madoa, uliza shata imepiga mara ngapi, jaribu kila kitufe. Rangi iwe swali la mwisho.

Na nyinyi wateja wa Kitale na Bungoma, msiulize mpiga picha kamera yake ni ya rangi gani. Mwambieni awaonyeshe picha alizopiga alfajiri. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

Binamu sasa anaitafuta tena ile lenzi ya milimita 35. Aliyeinunua amekataa kuiuza. Mtu huyo ana akili.