Mzigo wa Video Unamla Mshikaji

Wiki hii niko Miteja, Kilwa, kando ya barabara ya Dar–Lindi. Kijiweni kilio ni kimoja: bando halikai.

Nikaichungulia simu ya mshikaji mmoja, mchawi huyu hapa! Kila usiku WhatsApp yake inapandisha video zote kwenye wingu la Google: vigodoro, vichekesho, hadi mapishi. Google inatoa GB 15 za bure, na humo humo mna barua pepe na picha. Zikijaa, nakala mpya haipandi. Basi likijaa magunia, abiria anabaki stendi. Na abiria mwenyewe ni picha ya hati ya shamba la bi mkubwa!

Dawa hii: WhatsApp, mipangilio, gumzo, nakala ya gumzo, kisha zima kitufe cha video. Ujumbe na picha vitapanda kama kawaida. Video zitabaki simuni tu, kwa hiyo simu ikidumbukia baharini, nazo kwaheri. Ya harusi ya dada ipandishe mwenyewe, kigodoro kiache kizame.

Haya, tuonane wiki ijayo!