Miaka 90 ya Hammer: Heko kwa Wanawake Wenye Chonge

Novemba 1934, mchekeshaji na mfanyabiashara wa London aitwaye William Hinds alisajili kampuni ndogo ya filamu na kuipa jina alilokuwa akilitumia jukwaani: Hammer. Mwaka 2024 kampuni hiyo ilitimiza miaka 90. Si haba kwa nyumba iliyofilisika mara 2, mwaka 1937 na tena 1979, ikapita mikononi mwa wamiliki kadhaa, na kwa muda mrefu ikabezwa na wahakiki wa kwao wenyewe. Jarida hili linaipa hongera kwa moyo mkunjufu.

Hongera zetu, hata hivyo, tunajua tunampa nani. Ikitajwa Hammer, majina 2 hutangulia: Christopher Lee na joho lake, Peter Cushing na msalaba wake. Wamesifiwa sana, nao wanastahili. Lakini mtu akizitazama upya leo filamu za wanyonya damu za nyumba hii, ataona kwamba zile ambazo bado zina uhai zinabebwa na wanawake. Tunashikilia kwamba urithi mkubwa wa Hammer ni hao: wanawake waliotoka kaburini na kukataa kurudi, baadhi yao wakiwapenda wanawake wenzao waziwazi, katika enzi ambayo sinema ya Uingereza haikujua iwaweke wapi.

Kwanza tuikumbuke kazi yenyewe. Mwaka 1951 Hammer ilihamia Down Place, jumba la zamani kando ya mto Thames, karibu na kijiji cha Bray, na kuligeuza kuwa studio. Fedha zilikuwa chache. Fundi wa mandhari, Bernard Robinson, alikuwa na kipaji cha kuubomoa ukumbi wa filamu moja na kuujenga upya ndani ya siku chache ukawa kanisa au kasri la filamu nyingine. Mtazamaji makini huzitambua nguzo zile zile zikirudi chini ya rangi mpya. Dracula ya 1958, iliyoongozwa na Terence Fisher, iligharimu takriban pauni 81,000 tu na ikazunguka dunia nzima. Kufikia 1968 Hammer ilikuwa imeiingizia Uingereza fedha nyingi za kigeni kiasi cha kutunukiwa Tuzo ya Malkia kwa Viwanda. Wale waliobezwa kama wauzaji wa damu ya rangi wakawa wauzaji bidhaa nje wanaoheshimiwa na serikali yao.

Katika Dracula ile ya kwanza wanawake bado ni mawindo, wamevaa kanzu nyeupe za kulalia, dirisha liko wazi. Mabadiliko yalikuja miaka 2 baadaye, na The Brides of Dracula (1960). Lee hayumo kabisa katika filamu hiyo, na huenda ndiyo maana wanawake walipata nafasi. Tunawaomba wasomaji waitazame kwa ajili ya matukio 2. Katika la kwanza, Freda Jackson, akiigiza mtumishi mzee aitwaye Greta, amelala kifudifudi juu ya kaburi bichi la msichana wa kijijini. Anamnong'oneza aliye chini, anamhimiza asukume, anambembeleza, anamkemea, mpaka mkono unachomoza udongoni. Greta ni mkunga pale, na anachozalisha ni mauti yanayotembea. Hakuna mwanamume karibu anayemwelekeza la kufanya. La pili ni la Martita Hunt, mama wa kikabaila aliyemficha mwanawe mnyonya damu kwa miaka mingi na hatimaye akanyonywa na mwanawe huyo huyo. Anapozungumza na Van Helsing, mwindaji wa wanyonya damu, anauinua mkono wa vazi lake kufunika mdomo, kwa haya, ili mgeni asiyaone meno yaliyomwotea. Kwa ishara hiyo moja Hunt anatuonyesha mzazi, bibi mkubwa wa watu na maiti kwa pamoja. Filamu chache za kutisha zimewahi kumpa mwanamke wa umri wake nafasi nzito namna hiyo.

Kisha akaja Barbara Shelley, aliyefariki Januari 2021, katika Dracula: Prince of Darkness ya 1966. Anaigiza Helen, mke mwenye staha anayewaonya wenzake wasilale katika kasri la Dracula. Anasema kweli, na hakuna anayemsikiliza. Baada ya kunyonywa anarudi nywele zimefunguka na sauti imebadilika. Anamwita Diana, mke wa shemeji yake, dada, na kumwambia hamhitaji mumewe tena. Maneno hayo yalisemwa katika sinema za Uingereza mwaka 1966, na hayakuhitaji maelezo. Jibu la filamu kwa Helen ni la kikatili: watawa wanaume wanambana juu ya meza, anapiga mateke, na kigingi kinapigiliwa kifuani mwake. Shelley aliigiza mahangaiko yale kwa nguvu kiasi kwamba huruma yote ya mtazamaji humwendea yeye, na watawa wakabaki wakionekana kundi la watu waoga.

Msomaji aliyekua akisikia habari za mumiani anaelewa kwa nini tunalisisitiza jambo hili. Mumiani wa enzi ya ukoloni aliogopwa kwa sababu alihusishwa na wenye mamlaka, wenye magari na vyeo. Hofu ilitoka chini kwenda juu. Katika Ulaya ya Hammer hofu ilitoka juu kwenda chini. Aliyewatisha majenerali, mapadri na mabwana wa nyumba alikuwa mwanamke asiyehitaji mume.

Mama wa ukoo huo wote ni Carmilla. Sheridan Le Fanu, mwandishi wa Dublin, aliichapisha hadithi hiyo kwa mfululizo kati ya 1871 na 1872, miaka 25 kabla ya Dracula ya Bram Stoker kutoka mwaka 1897. Msimulizi ni Laura, msichana mpweke katika kasri la Styria, na Carmilla ni mgeni wake, mpenzi wake na mwindaji wake. Kuna mahali mazishi ya msichana maskini yanapita mbele yao. Laura anasimama kwa heshima na kuimba pamoja na wanakijiji. Carmilla anamtikisa kwa hasira, anakosa raha, anatetemeka mwili mzima. Le Fanu hasemi kwa nini. Anamwacha Laura asielewe na msomaji aelewe, na miaka mingi baada ya Carmilla kuangamizwa, Laura bado anadhani anazisikia hatua zake mlangoni. Hadithi haikumponya Laura upendo ule. Hapo ndipo ulipo ukubwa wake.

Hammer iliichukua hadithi hiyo mwaka 1970, na hatutapamba sababu zake. Fedha za Marekani zilizokuwa zikiendesha sinema ya Uingereza zilikuwa zinakauka. Studio ya Bray ilikuwa imeachwa tangu 1966. Mwaka huo huo wa 1970 umri wa kuingia filamu za cheti cha X ulipandishwa kutoka miaka 16 hadi 18, na watayarishaji wakaona mlango wa kuonyesha miili ambayo awali ilizuiwa. The Vampire Lovers, iliyoongozwa na Roy Ward Baker kwa ubia na kampuni ya Marekani ya AIP, ilibuniwa iuze tiketi kwa wanaume. Kamera inavizia mahali isipohitajika, na kuna matukio ambayo hata leo hatuna la kuyatetea.

Lakini ndani ya filamu hiyo yumo Ingrid Pitt, akiwa Carmilla. Alizaliwa Warsaw mwaka 1937, na akiwa mtoto alifungwa pamoja na mama yake katika kambi ya Wanazi ya Stutthof. Alinusurika. Mwanamke aliyeyaona mauti kwa karibu kiasi hicho alipopewa nafasi ya kuigiza maiti anayetamani kuishi, hakuigiza tamaa peke yake. Tazama macho yake anapomkalia kitandani Emma, msichana wa nyumba aliyofikia, akiigizwa na Madeline Smith: ni macho ya mtu anayejua kwamba anachokipenda kitakufa kwa sababu anakipenda. Mwalimu wa nyumbani, aliyeigizwa na Kate O'Mara, anamsihi Carmilla amchukue waende pamoja. Carmilla anamuua, kisha anajaribu kuondoka na Emma, ilhali angeweza kukimbia peke yake na kupona. Mswada ulimtaka muuaji. Pitt aliongeza mfiwa, na filamu ikamfuata yeye. Hatimaye Cushing, akiwa jenerali aliyempoteza mpwa wake, anampigilia kigingi na kumkata kichwa.

Filamu 2 zilizofuata katika mfululizo huo wa Karnstein, jina la ukoo wa Carmilla, zilitoka 1971. Lust for a Vampire ni dhaifu, na tutaipita. Twins of Evil, ya John Hough, ni habari nyingine. Hapa Cushing ni Gustav Weil, kiongozi wa wachamungu wanaowachoma moto wasichana wasio na waume kwa kuwashuku tu. Mnyonya damu yupo, lakini wanaoua wasio na hatia ni wawindaji. Cushing alikuwa amefiwa na mkewe Januari ya mwaka ule, na uso wake uliokonda unampa Weil uzito ambao mswada peke yake usingeuleta. Kwa mara ya kwanza Hammer iliigeuza kamera na kuwauliza wenye misalaba: nyinyi mnaogopa nini hasa?

Swali hilo lilikuwa mitaani pia. Mwaka 1970 wanawake wa Uingereza walikutana katika Chuo cha Ruskin, Oxford, kwa mkutano wao wa kwanza wa kitaifa wa ukombozi wa wanawake. Sheria ya Uingereza haikuwahi kuyafanya mapenzi ya wanawake wawili kuwa kosa; jaribio la kufanya hivyo mwaka 1921 lilikwama katika Baraza la Malodi, ambako baadhi walihofia kwamba kulitaja jambo kungewafunza wanawake wasiolijua. Ukimya ule ndio uliokuwa adhabu. Kwa hiyo mwanamke aliyekwenda sinema mwaka 1970 kutafuta mtu anayefanana naye alimkuta amevaa kanzu ya Carmilla, akiwa na chonge, na amehukumiwa kufa kabla ya taa kuwashwa. Ni mapokezi mabaya. Hata hivyo alimwona. Mwaka 1981 mhakiki wa Marekani, Bonnie Zimmerman, aliandika kuhusu filamu za aina hii na kuonyesha jinsi zilivyobeba hofu ya wanaume kwa wanawake wanaoshikamana, na pia jinsi mtazamaji mwanamke anavyoweza kuzisoma kwa faida yake mwenyewe. Sisi tunaukubali usomaji huo.

Hammer haikuwa peke yake. Universal ya Marekani ilikuwa imetangulia na Dracula's Daughter mwaka 1936, na mwaka 1971 Delphine Seyrig aliigiza Daughters of Darkness ya Harry Kümel kwa madaha ambayo Hammer haikuyafikia. Baadaye walikuja Catherine Deneuve na Susan Sarandon katika The Hunger (1983), na mwaka 1991 Jewelle Gomez, mwandishi Mmarekani mweusi, alitoa The Gilda Stories, riwaya ambamo mtumwa mtoro anakuwa mnyonya damu asiyeua, anapenda wanawake, na anaishi. Anaishi! Kwa miaka 120 baada ya Le Fanu tulikuwa tumezoea kigingi.

Hilo ndilo deni la Hammer, na yubile ni wakati wa kulitaja deni bila kinyongo. Filamu zote 3 za Karnstein ziliandikwa na mtu mmoja, Tudor Gates, na kuongozwa na wanaume. Hata sauti ya Ingrid Pitt katika Countess Dracula ya 1971 iliondolewa na kuwekwa ya mwigizaji mwingine. Wanawake waliipa nyumba hii nyuso zake, na hawakupewa kalamu wala kamera kuusimulia ukoo huo wenyewe.

Dalili za uhai mpya zipo. Baada ya kufufuliwa mwaka 2007, Hammer ilishiriki kutengeneza Let Me In ya 2010, yenye msichana mnyonya damu aliyeigizwa na Chloë Grace Moretz bila mzaha wala uchi, na ikawa miongoni mwa kazi zake bora. Ingrid Pitt alifariki Novemba ya mwaka huo huo. Mwaka 2023 kampuni ilinunuliwa na John Gore, mtayarishaji wa tamthilia, naye ameonyesha nia ya kuitengenezea wakati ujao na si makumbusho peke yake.

Kwa hiyo tunamwomba bwana Gore na wenzake jambo moja. Carmilla arudi Hammer, na safari hii aandikwe na kuongozwa na wanawake. Emily Harris alikwisha kuonyesha mwaka 2019, kwa filamu ndogo ya Kiingereza nje ya Hammer, kwamba hadithi hii ikiwa mikononi mwa mwanamke inapata pumzi nyingine. Nyumba yenye jina, hazina ya miswada na mapenzi ya watazamaji wa vizazi 3 haina kisingizio. Kwa wasomaji wetu, wanaotaka kuiadhimisha yubile hii nyumbani waanze na The Brides of Dracula, wafuatishe The Vampire Lovers, wamalize na Twins of Evil. Ilipotimiza miaka 90, Hammer ilikuwa imebakiza miaka 10 kufikisha karne. Muda uliobaki unatosha kuitengeneza filamu tunayoiomba, na tunataka kazi ianze sasa.